Mkenya anaruhusiwa kununua shamba la mikorosho Newala kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki? Na hili shirikisho likija sisi tunabaki na nini?

Mwana wa Kitangari

Wakuu za jioni. Naomba mnisaidie maana jana kijiweni watu walikaribia kushikana mashati kwa hili jambo na hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika, kila mtu anaongea kwa sauti tu.

Iko hivi. Huku kwetu Newala kuna jamaa ameingia na gari yake, Kiswahili chake cha Nairobi kabisa, anazunguka na dalali anaulizia mashamba ya mikorosho. Si ya kukodi, ya kununua. Anawalenga wazee ambao watoto wao wako Dar na hawana mpango wa kurudi kupulizia salfa (dawa ya mikorosho), mikorosho imezeeka, mzee hana nguvu ya kupalilia, sasa mtu wa hivyo ukimwekea hela mezani anakataaje. Mzee mmoja akasema haiwezekani, mgeni hauziwi ardhi nchi hii tangu enzi za Mwalimu. Kijana wa bodaboda akamjibu babu umepitwa na wakati, Afrika Mashariki ni soko moja sa hivi, Mkenya akija Newala ni kama wewe ukienda Masasi. Afu akadakia mwingine, ngojeni shirikisho lije, rais mmoja, pesa moja, jeshi moja, hapo ndo mtajua hamjui, mtabaki kuokota korosho za watu.

Sasa naomba kujua, sheria inasemaje, huyu bwana anauzika au hauziki? Na hili shirikisho lipo kweli au ni maneno ya kutishana, na likija maamuzi ya ardhi, korosho, gesi yatakuwa yanatoka wapi, Dodoma au Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya? Mi si mtu wa siasa, nina shamba aliloacha marehemu baba ndo maana nauliza.

Kibatari cha Sheria

Mkuu jibu fupi ni hapana, hauziwi. Refu ni hili, nivumilie.

Mkataba wa soko la pamoja la Jumuiya ulisainiwa Novemba 2009 ukaanza kazi Julai 2010. Huyo dogo wa bodaboda yuko sawa kwamba unafungulia bidhaa, huduma, mitaji, wafanyakazi na haki ya kwenda kuishi na kufungua biashara nchi nyingine mwanachama. Ila ukifika ibara ya 15 inasema wazi kupata na kutumia ardhi na majengo kutafuata sera na sheria za kila nchi. Hiyo ibara haikuja yenyewe, Tanzania ndo iling'ang'ania kwenye yale mazungumzo, wenzetu walitaka ardhi iingie tukagoma. Hata alipohutubia bunge Novemba 2013, kipindi kile Kenya, Uganda na Rwanda wanafanya vikao vyao bila sisi, Kikwete alirudia kwamba ardhi, ajira na uhamiaji ni mambo ambayo Tanzania inaenda nayo taratibu.

Kwahiyo tunarudi kwenye sheria zetu. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 kifungu cha 20, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa kwa sheria ya uwekezaji, na hapo anapewa haki ya kutumia kwa muda kupitia mamlaka ya uwekezaji, hamiliki kama wewe. Na asijifiche kwenye kampuni, kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia inahesabiwa nayo si raia. Halafu mashamba ya Newala mengi ni ardhi ya kijiji, hiyo ina sheria yake namba 5 ya mwaka huohuo, mwekezaji akiitaka lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, mwenye mamlaka hayo ni Rais, na kijiji kinasikilizwa kabla. Hakuna mlango wa dalali hapo.

Na kingine, huyo jamaa hata korosho yenyewe shambani haruhusiwi kununua. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, imo ya saluni, ya kutengeneza simu, ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, ya kuongoza watalii, na imo ya kununua mazao shambani. Mgeni akikamatwa faini inaanzia milioni 10 na kifungo kinaweza kufika miezi sita, na raia atakayemsaidia naye ana yake. Wakenya walikuja juu sana wakasema tumevunja mkataba wa soko la pamoja. Kwa upande wa biashara wana hoja kiasi flani nisiseme uongo. Kwa upande wa ardhi hawana.

Ila usidhani Arusha hawana nguvu kabisa. Mkataba wa Jumuiya ibara ya 8 unasema sheria na vyombo vya Jumuiya vinakuwa juu ya vya nchi kwenye mambo yanayohusu utekelezaji wa mkataba. Kwenye mambo tuliyokubali, sisi sio wa mwisho. Machi 2019 mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria yetu ya huduma za habari ya 2016 vinakiuka mkataba. Sheria ilipitishwa na bunge letu wenyewe. Kama unatafuta mamlaka ya nchi yanaguswa wapi, anzia hapo, uache shamba la mzee.

Mama Salfa

Sheria nzuri mwanangu Kibatari, sasa shuka huku chini kwenye karatasi zenyewe.

Shamba linauzwa hivi. Dalali anamchukua kijana wa hapahapa, anamweka kuwa mnunuzi. Karatasi ya mauziano inaandikwa jina la huyo kijana, mashahidi wawili, mzee anaweka dole gumba, mhuri unagongwa, imeisha. Hela haijatoka mfukoni kwa kijana wala shamba sio lake, yeye kapewa laki mbili za kunyamazia. Ibara ya 15 hapo inafanya kazi gani? Na sio wageni wa nje tu wanaofanya ivyo, watu wa Dar wanafanya, watu wa mikoa mingine wanafanya, na hao wana haki kamili sheria haiwazuii. Kwenye AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika wa wakulima, kila msimu yanatokea majina mapya yanaleta gunia nyingi mnadani na hatuwajui wana mikorosho wapi. Wengine kangomba, wanaonunua korosho za wakulima kwa magendo, wengine mashamba ya namna hiyo.

Mwana wa Kitangari usiulize passport ya huyo bwana. Uliza nani anasaini pale kijijini na kwanini mkutano mkuu wa kijiji haujaitishwa.

Mpita Kilambo

Aisee watu wa Mtwara tukianza kuzungumzia mipaka wote tunatazama kaskazini, Namanga na Holili, kana kwamba sisi hatuna mpaka wetu hapo chini.

Msumbiji haiko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Sisi tuko kote kuwili, COMESA, ile ya soko la mashariki na kusini mwa Afrika, tulishatoka tangu 2000. Sasa hesabu wewe mwenyewe, Jumuiya inaunganisha mtu wa Mtwara na Somalia, na Sudan Kusini, na Kongo mpaka kule kwenye bahari ya Atlantiki, ila haimuunganishi na Palma hapo ng'ambo Msumbiji ambako akipanda kitu kirefu Msimbati karibu anakuona. Mi navuka Ruvuma pale Kilambo, napeleka sabuni, mafuta ya kula, vyombo vya plastiki, narudi na samaki wakavu. Upande ule wanaongea Kimakonde, wanaongea Kimwani, wengi Kiswahili wanakijua vizuri tu, nina shangazi kule na yeye ana ndugu huku, tofauti ni kwamba akikasirika anatukana kwa Kireno. Na huo mpaka msiuone wa kale sana, Kionga hapo ng'ambo kusini ya mto ilikuwa ya Mjerumani pamoja na sisi mpaka Mreno alipoichukua 1916 kwenye vita, baadae Ulaya wakaidhinishiana. Hakuna mtu wa Kionga aliyeulizwa.

SADC wana soko huru tangu 2008, bidhaa nyingi hazina ushuru ukiwa na karatasi. Watu je? Kuna itifaki ya watu kusafiri ya 2005, nchi zilisaini afu hazikuridhia za kutosha, mpaka leo haifanyi kazi. Daraja la Umoja tunalo Mtambaswala, lilifunguliwa 2010 na Kikwete na Guebuza, rais wa Msumbiji wa wakati huo, mita 720, zuri, ila liko Nanyumbu huko juu na barabara ya upande wa Msumbiji kwa miaka ilikuwa ya kusali. Mtu wa Mtwara mjini anayeenda Palma atafuata daraja Nanyumbu? Anapanda boti.

Afu tuseme ukweli kuhusu hayo mamlaka ya nchi. Mwaka 2017 Watanzania walifukuzwa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji tunaopakana nao, wengi walikuwa maeneo ya Montepuez kwenye madini, walirudi huku wameacha vitu vyao, wengine wameacha familia. Ndo mamlaka hayo, Msumbiji iliyatumia kwa watu wetu. Sisi tukiwafungia Wakenya saluni tunapiga makofi tunasema uzalendo, wenzetu wakitufukuza tunalia undugu.

Na vita ya waasi ilipoanza Mocímboa da Praia, mkoa huohuo, Oktoba 2017, serikali ya Maputo walikaa miaka wanasema ni jambo la ndani, majeshi ya nje hatutaki, mamlaka mamlaka. SADC wanakaa vikao. Moto ukavuka mto, Oktoba 2020 Kitaya ilishambuliwa, kijiji cha kwetu Mtwara kabisa, watu wakauawa nyumba zikachomwa. Machi 2021 Palma ikaanguka. Julai 2021 ndo wakakubali, na wa kwanza kuingia kwa nguvu walikuwa Wanyarwanda ambao hawamo SADC na hawapakani na Msumbiji, afu ndo jeshi la SADC na vijana wetu wakiwemo, wakakaa mpaka 2024. Kwahiyo mtu akiniambia ushirikiano unaua mamlaka ya nchi namuuliza Kitaya ililindwa na mamlaka ya nani.

Mstaafu wa Lindi

Hamjambo vijana. Nimesoma mpaka mwisho, naona mnaongea kama jambo hili limeanza jana.

Mwaka 1960 Mwalimu alisema yuko tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ili tupate uhuru pamoja na Kenya na Uganda tuwe shirikisho. Hebu fikirini, mtu anakubali bendera yake ingoje. Juni 1963 Nairobi wakakaa watatu, Nyerere, Kenyatta na Obote, wakatangaza kwamba mwaka huohuo shirikisho litakuwepo. Halikuwepo. Kila mmoja alipoonja kiti chake hakutaka kukigawa, Uganda ndo walianza kurudi nyuma na wengine hawakuwakimbilia.

Huyu kijana anatisha watu na pesa moja, pesa moja tulikuwa nayo. Shilingi ya Afrika Mashariki, mnunuzi wa Nairobi na muuza mihogo wa Mingoyo walikuwa nayo ileile. 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake ikachapa yake. Na kilichotutoa kilikuwa viwanda. Viwanda vyote vilikuwa vinajazana Nairobi, sisi tunauza pamba na katani tunanunua blanketi. 1964 kule Kampala tulikubaliana viwanda vigawanywe, Kenya haikuridhia. Ndo nikisikia vijana mnaambiwa soko moja litanufaisha wote sawa huwa natabasamu tu.

Jumuiya ya 1967 ilikuwa na mali zaidi ya hii ya sasa. Reli moja, bandari pamoja na hii ya Mtwara, posta na simu, shirika la ndege. Mimi nilikuwa posta. Amin akapindua 1971, Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja, na mkataba ule ulitaka wakuu watatu wakae ndio maamuzi yatoke, kwahiyo juu pakawa hapana kikao. Mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama, kila mtu akashika alichokuwa nacho uwanjani kwake, sisi tukafunga mpaka na Kenya, ukafunguliwa 1983. Mali ziligawanywa rasmi 1984 na msuluhishi Mswisi, Umbricht. Wafanyakazi wa Jumuiya walioko Dar wamehangaika na mafao yao mahakamani mpaka wengine wamekufa wamezeeka kwenye foleni. Yaliyonipata mimi siyasemi hapa.

Shirikisho silikatai. Nauliza tu likivunjika nani anamlipa mtu wa chini, maana mkataba wa kuungana huwa wanausoma kwa sherehe, wa kuachana hawauandiki.

Chizi wa Uchumi

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, wa kuachana safari hii wameuandika. Ibara ya 145 ya mkataba wa 1999, nchi ikitaka kutoka bunge lake lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, afu itoe notisi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu, na madeni yake yanabaki. Hilo wamejifunza kwenye yaliyowakuta nyie.

Sasa Mwana wa Kitangari na hofu ya shirikisho, mi nakaa Shangani hapa Mtwara nafundisha tuition za uchumi ngoja nikutoe wasiwasi. Ibara ya 5 inataja hatua nne, umoja wa forodha, soko la pamoja, sarafu moja, mwisho shirikisho la kisiasa. Forodha ilianza 2005. Soko 2010. Sarafu walisaini Novemba 2013 Kampala wakasema 2024 itakuwepo, umeiona? Wamesogeza 2031. Ili uingie inatakiwa mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50, akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa miezi minne na nusu. Ziweke Sudan Kusini, Somalia na Burundi kwenye hiyo mizani uone kama 2031 ni serious.

Shirikisho ndo kabisa. 2004 iliundwa kamati ya Amos Wako wa Kenya kuangalia namna ya kuharakisha, wakapendekeza 2013. Kila nchi ikaenda kuuliza watu wake, hapa kwetu ilikuwa kamati ya Profesa Wangwe, 2006 na 2007, Watanzania walio wengi wakasema shirikisho sawa lakini kuharakisha hapana, na Kikwete akaenda na majibu hayo. 2017 wakuu wakashusha wakasema tuanze na kitu chepesi kidogo, kila nchi inabaki nchi ila mambo flani yanafanywa pamoja, nako ni katiba inaandaliwa na makongamano ya kukusanya maoni. Na juu ya yote maamuzi ya wakuu wa nchi yanapita kwa kukubaliana wote, mmoja akigoma hakuna kitu. Wanachama nane, Rwanda na Kongo wanashutumiana kuhusu waasi wa M23 na Goma imechukuliwa Januari 2025, hao unawaunganisha jeshi moja kesho? Lala usingizi mkuu.

Shida yangu mimi ni nyingine. Tunalinda mamlaka gani kwenye korosho? Tunauza ghafi sehemu kubwa, inaenda India na Vietnam, bei wanaijua wao, mnadani hapa mnunuzi akikunja uso bei inashuka Mtwara nzima inapiga kelele. 2018 serikali ilifukuza wanunuzi ikaweka jeshi, bei ikapangwa 3,300 kwa kilo, hapo ndo mamlaka kamili nchi inaweza kuonyesha, na bado mzigo ulikaa maghalani tukatafuta wa kuuzia. Sasa nchi 8 zikipanga ushuru mmoja kwa korosho iliyobanguliwa nje afu tukabangua hapa tukauzia watu milioni 300, si ndo mamlaka yenyewe yanapatikana?

Mama Salfa

Chizi umeongea vizuri mpaka hapo pa kubangua. Viwanda vya kubangulia vilijengwa huku toka miaka ya sabini, ulishavitembelea? Vingine ni maghala. Na hao jirani zake Mpita Kilambo waliwahi kulazimishwa, miaka ya tisini Benki ya Dunia iliwaambia Msumbiji ondoeni ushuru wa kusafirisha korosho ghafi soko litajipanga, wakaondoa kiasi, viwanda vikafungwa maelfu wakakosa kazi, wengi wanawake. Walioamua walikuwa Washington. Huo ndio mfano wa kupoteza mamlaka ninaouelewa mimi, hakuna hata askari mmoja aliyevuka mpaka.

Lakini nyie wote mnahesabu mamlaka kana kwamba yako Dodoma na yatahamia Arusha. Sisi wa kusini tuulizeni. Ushuru wa kusafirisha nje korosho ghafi, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kile kitakachokuwa kikubwa, sehemu kubwa ya hela ile ilikuwa inarudi kwenye zao, salfa, miche, magunia. 2018 kwenye sheria ya fedha ikabebwa yote mfuko mkuu, wabunge wa huku wakapiga kelele bungeni mpaka sauti zikakauka, ikapita. Kenya ilihusika? Gesi, Januari na Mei 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani wanasema gesi isitoke mpaka tujue tunapata nini. Watu walikufa. Bomba likajengwa mpaka Dar. Na Mei 2021 marais wakasaini Nairobi makubaliano ya bomba lingine kutoka Dar mpaka Mombasa. Sikatai biashara, wakijenga wajenge. Ila mkutano gani ulifanyika Msimbati au Madimba kuulizwa?

Mtu ambaye hakuulizwa na Dodoma anaogopa kutoulizwa na Arusha, haya.

Kibatari cha Sheria

Mama hapo umenikamata pabaya na sina cha kubisha kuhusu kuulizwa. Niongeze tu kwenye gesi, 2017 bunge lilitunga sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, inasema ni mali ya watu wa Tanzania na migogoro yake isipelekwe mahakama za nje. Sheria inasema "watu". Kijiji cha Msimbati kinasimamaje ndani ya hilo neno haijasema, na Halmashauri inapata ushuru wa huduma asilimia ndogo tu.

Kwa Chizi, usiamini sana hivi vyombo vya pamoja kwamba vitamlinda mtu mdogo dhidi ya nchi yake. Kuna kesi ya mkulima wa kizungu wa Zimbabwe, Campbell, aliishtaki Zimbabwe mahakama ya SADC kule Windhoek kwa kunyang'anywa shamba. 2008 akashinda. Harare wakasema hatuitambui. Walichofanya wakuu wa nchi za SADC mwaka 2010 ni kuisimamisha mahakama, sio kuibana Zimbabwe. Mimi huo ushindi wa shamba siusherehekei, historia ya ardhi kule mnaijua, lakini angalia mahakama ilivyoondoka na malalamiko ya kila raia mwingine wa SADC.

Mwana wa Kitangari

Nawashukuru sana wakuu, na Mzee wa Lindi shikamoo. Nimeenda kwa mtendaji leo kuulizia. Kaniambia kuna mashamba mawili yameshauzwa tangu mwezi uliopita na mnunuzi ni kijana mmoja wa hapahapa ambaye tunamfahamu, hana hata baiskeli. Mama Salfa kama ulikuwepo. Naomba kujua nina haki ya kuona muhtasari wa kikao au nitaambiwa ni siri ya ofisi?

Kibatari cha Sheria

Mkuu sio siri. Omba kwa barua, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Na mkiwa wengi shinikizeni mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa kijiji, pale ndo aulizwe hela ilitoka wapi mbele za watu. Akigoma nendeni kwa Mkuu wa Wilaya mkiwa na hiyo nakala, msiende na maneno matupu.

Mstaafu wa Lindi

Marahaba. Na mumuulize huyo kijana kwa upole, anaweza kuwa ametumika na hajui alichosaini.

Chizi wa Uchumi

Mpita Kilambo ulisema bidhaa za SADC hazina ushuru ukiwa na karatasi, sasa kwanini hutumii hiyo karatasi? Unalalamika mpaka wakati mlango upo.

Mpita Kilambo

Chizi we tuition imekuharibu. Karatasi ni cheti cha uasili wa bidhaa, naenda chemba ya wafanyabiashara mjini, najaza fomu, nalipia, naonyesha sabuni imetengenezwa Tanzania, inapelekwa kugongwa forodha. Kwa mwenye kontena ni sawa. Mi nina katoni za sabuni na madumu ya mafuta kwenye boti. Wenzetu wa mipaka ya Jumuiya mzigo usiozidi dola 2,000 wanajaza kile cheti rahisi palepale mpakani afisa anagonga anapita. Mi Kilambo sijawahi kupewa hicho, na ofisa wa upande wa pili ananiuliza kwa Kireno nami najibu kwa Kimakonde mpaka tuelewane bei.

Ndo maana nawaambia, kila nchi ina wabunge 9 kwenye bunge la Arusha na sijui hata mmoja anayeijua Ruvuma ikijaa Machi. Tungekuwa tunapigania huku SADC wapitishe ile itifaki ya watu na kile cheti rahisi kifike mpaka Kilambo na Namoto, mi shirikisho mngenipa hata la nchi 20. Kama kuna mtu yuko Mtwara mjini na ana nafasi kwenye fuso la kushuka Kilambo alfajiri anitumie ujumbe, nina katoni kama 40 na boti haisubiri mtu maji yakishuka.